Upasuaji wa matundu kifuani: damu kidogo ikitoka, huzuiwaje?

Daktari akikueleza kwamba mwanao ana usaha uliozunguka pafu baada ya nimonia, na kwamba atasafishwa kwa upasuaji wa matundu, huenda ukajiuliza: "Akitoka damu huko ndani, wataizuiaje na kifua hakijafunguliwa?" Ni swali la haki, na ni vizuri upate jibu kabla ya kutia sahihi.

Mara nyingi hutobolewa matundu mawili au matatu madogo. Moja hupitisha kamera, mengine vifaa virefu vyembamba. Mishipa ya damu hupita kwenye ukingo wa chini wa kila ubavu, kwa hiyo daktari hutoboa juu tu ya ubavu ili asiiguse.

Hata hivyo damu kidogo hutoka. Utando uliovimba kwa usaha ukibanduliwa, hutoa vitone vingi kama goti lililochubuka, wala hakuna mshipa mmoja wa kufunga. Hapo daktari hushika kipande cha gozi kwa kifaa kirefu, akakandamiza dakika kadhaa. Ni kama unapojikata kidole ukimenya vitunguu: ukifunuafunua kuchungulia, damu haikomi. Mshipa mdogo unaoonekana huchomwa kwa kifaa cha umeme au hubanwa kwa kibanio. Mwishoni pafu hujazwa hewa, likatanuka na kuegemea ukuta wa kifua, na kuegemea huko nako husaidia vitone kukoma.

Damu ikizidi, picha ya kamera huingia giza. Daktari basi hupanua jeraha ili aone vizuri, ndiyo maana fomu ya ridhaa hutaja pia upasuaji wa kufungua kifua. Mimi humwamini zaidi daktari anayelisema hilo mapema.

Mtoto wa kilo 10 ana damu takriban mililita 800 tu mwilini, haifiki hata lita moja. Kwa hiyo hupimwa kundi la damu mapema, na ndugu wanaweza kuombwa kuchangia. Ukiombwa, usidhani mambo yameharibika.

Kuna jambo ambalo wewe ndiye unayelijua kuliko sisi. Je, kitovu, tohara au jino lililong'oka lilitoa damu muda mrefu? Je, kaka yako au mjomba wako ana tatizo la damu kutoganda? Himofilia hupita upande wa mama, hivyo usiishie kuulizia ukoo wa baba tu. Taja selimundu, aspirini na dawa za mitishamba pia. Hakuna atakayekugombeza, na hata akikugombeza, sema.

Akirudi wodini atakuwa na mrija unaoingia kwenye chupa. Mwanzoni majimaji huwa na wekundu, kisha hupauka kuelekea manjano. Mwite muuguzi papo hapo ukiona damu mbichi nzito, chupa ikijaa haraka, midomo au viganja vikipauka, jasho baridi, au mtoto akilegea na kupumua mbiombio. Mwite pia mrija ukiacha kutoa ghafla huku mtoto akihangaika, kwani damu iliyoganda inaweza kuuziba.

Chupa ikae chini ya usawa wa kifua saa zote, hata unapombeba kwenda chooni, na mrija usilaliwe.