Maji taka yakiingia ndani, kufagia pekee hakutoshi

WAHENGA walisema maji yakimwagika hayazoleki. Huenda ni kweli kwa maji ya mtungini. Lakini maji ya chooni yakimwagika ndani ya nyumba ni lazima yazolewe, tena yazolewe kwa mpango. Asiyefanya hivyo atakutana nayo tena siku chache baadaye, si sakafuni bali tumboni mwa mtoto.

Miaka kadhaa iliyopita, wakati wa masika, bibi mmoja wa mtaa wa Langoni mjini Lamu aliniletea mjukuu wake wa miaka minne. Mtoto alikuwa ameharisha usiku kucha. Macho yalikuwa yamezama, ulimi umekauka, na ngozi ya tumbo ukiifinya ilichelewa kurudi mahali pake. Nilipouliza habari za nyumbani, bibi aliniambia kwamba siku tatu kabla ya hapo mvua kubwa ilikutana na bamvua, choo cha chini kikafurika hadi ukumbini.

"Lakini tulisafisha, mwanangu," akasema. "Tulimwaga ndoo hamsini za maji mpaka sakafu ikang'aa."

Nikamuuliza maji hayo yalitoka wapi. "Kisimani, papo hapo uani."

Kisima chenyewe kilikuwa hatua chache tu kutoka shimo la choo. Choo kilipofurika, kisima nacho kilichafuka. Familia ile ilikuwa imeosha uchafu kwa uchafu, kisha ikaosha sahani na vikombe kwa maji yale yale.

Kwa nini choo hufurika?

Mji wa kale wa Lamu, ambao shirika la UNESCO liliuweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, una nyumba za mawe zilizoshikana na vichochoro vyembamba. Hauna mabomba ya pamoja ya kuchukua maji taka. Kila nyumba hutegemea shimo lake, na maji ya kuogea na ya jikoni hupita katika mitaro kuteremka baharini.

Mpango huu ulifaa wakati watu walipokuwa wachache na maji yalichotwa kwa kata. Siku hizi kuna vyoo vya kuvuta maji, nyumba za wageni na mikahawa, na maji yanayoingia ardhini ni mengi zaidi. Wakati wa bamvua bahari hupanda, na maji ya mtaroni hukosa pa kwenda. Maji yaliyo chini ya ardhi karibu na ufuo nayo hupanda, hivyo shimo hujaa kutoka chini. Mvua ikinyesha saa hiyo, kilicho shimoni hutafuta njia ya kutokea, na njia iliyo karibu ni tundu la choo.

Msomaji wa Nairobi au Mombasa asidhani mambo haya ni ya visiwani pekee. Bomba la maji taka likipasuka mtaani kwako wakati wa mvua, hatari ni ile ile na hatua za kuchukua ni zile zile.

Maji si yote sawa

Wanaofanya kazi ya kusafisha nyumba zilizoingia maji hugawanya maji katika makundi matatu. La kwanza ni maji safi, kama yale ya bomba la kunywa lililopasuka. La pili ni maji yaliyokwisha kutumika, ya kuogea au kufulia. La tatu ni maji meusi, yaani ya chooni, ya mtaroni na ya mafuriko. Maji ya kundi la kwanza yakiachwa yakatuama siku mbili tatu, huharibika na kuwa kama ya makundi yanayofuata.

Maji meusi hubeba viini vya kipindupindu, kuhara damu, homa ya matumbo, homa ya ini aina ya A na mayai ya minyoo. Yakichanganyika na mkojo wa panya huleta homa ya leptospira, ambayo hupenya kwenye michubuko ya ngozi na kuweza kuharibu figo na ini. Msumari au kigae kilichofichwa na maji kinaweza kukuletea pepopunda.

Magonjwa haya hayaji kwa wakati mmoja. Kipindupindu huweza kuanza baada ya saa chache, na aghalabu hakizidi siku 5. Homa ya matumbo huchukua wiki moja hadi tatu. Homa ya ini huweza kukaa kimya hata wiki 6 au 7, wakati mafuriko yamekwisha kusahaulika. Kwa hivyo ukienda hospitali katika muda huo, mwambie daktari kwamba nyumba yako iliingia maji taka. Neno hilo moja linaweza kumwonyesha njia.

Hatua kwa hatua

Kwanza, ondoa watu. Watoto, wazee, wajawazito na wagonjwa wa pumu wahamie kwa jirani au ghorofa ya juu ambako maji hayakufika. Zima umeme kwenye swichi kuu. Ikiwa ni lazima ukanyage maji ili kuifikia swichi hiyo, usiiguse. Mwite fundi wa umeme.

Pili, jikinge. Vaa viatu vya mpira virefu, glavu za mpira, na kitambaa au barakoa puani na mdomoni. Mwenye kidonda asiingie.

Tatu, zoa. Toa maji, matope na kinyesi kwa koleo na ndoo ambazo hazitarudi jikoni. Usisukume uchafu kwa ufagio hadi kichochoroni, kwa maana huko ndiko wanakocheza watoto wa jirani. Usiumwage baharini wala mtaroni. Na katika kisiwa cha Lamu, usiuzike kwenye vilima vya mchanga vya Shela. Chini ya mchanga ule ndimo yalimo maji matamu ambayo mji mzima huyanywa. Muulize afisa wa afya ya umma mahali panaporuhusiwa.

Nne, osha kwa sabuni na maji safi. Hatua hii wengi huiruka, wakakimbilia dawa. Dawa yenye klorini, ile ambayo wengi huiita Jik, huua viini inavyovifikia tu. Ikimwagwa juu ya matope, nguvu zake huishia kwenye matope na viini hubaki salama chini yake. Sugua mpaka uone sakafu yenyewe. Maji yawe ya bomba au yaliyoletwa kutoka mahali pasipofurika. Kisima cha uani kisiguswe.

Tano, sasa tia dawa. Ikiwa chupa yako imeandikwa asilimia 3.5, changanya kikombe 1 cha dawa na vikombe 6 vya maji kwa mahali palipokuwa na kinyesi. Kwa sakafu nyingine na samani zisizonyonya maji, kikombe 1 kwa vikombe 16 chatosha. Acha dakika 10 kabla ya kusuuza. Mchanganyiko wa leo utumike leo, kwa sababu joto na jua huupunguza nguvu. Fungua milango na madirisha. Kamwe usichanganye dawa hii na asidi ya kuoshea choo, maana hutoa gesi inayochoma mapafu.

Sita, kausha. Kuvu huweza kuanza kuota katika saa 24 hadi 48 mahali palipo na unyevu. Mwenye pumu hatapata usingizi katika chumba chenye kuvu, hata kiwe kimefagiwa mara kumi.

Ukuta unaokunywa

Nyumba za Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Jiwe la tumbawe lina matundu madogo yasiyohesabika. Maji taka yakisimama saa chache chini ya ukuta huo, ukuta huyanywa na kuyapandisha juu. Chumvi iliyomo hubaki ndani, kisha huvuta unyevu wa hewani, na ndiyo maana ukuta huonekana kutoka jasho hata siku zisizo na mvua.

Wenye nyumba wengi hukimbilia kuupaka ukuta huo saruji ili kuficha madoa. Hilo ni kosa. Saruji huyafungia maji ndani, unyevu ukapanda juu zaidi hadi kwenye ncha za boriti, na boriti zikaoza. Chokaa huupa ukuta nafasi ya kupumua. Bandua plasta iliyolowa na iliyolegea, sugua, tia dawa, uache ukuta ukauke kwa wiki kadhaa, na ndipo upake chokaa tena. Subira hii ina faida kwa mapafu yako na kwa nyumba yenyewe.

Magodoro, mazulia na mito iliyolowa maji ya choo itupwe. Najua ni maneno machungu kwa mtu aliyenunua godoro kwa taabu, lakini kilicho ndani ya sponji hakifikiwi na sabuni wala jua. Nguo na shuka huokolewa kwa kuchemshwa au kulowekwa katika dawa kisha kufuliwa.

Wenye maduka na mikahawa

Hapa ndipo dhamiri hupimwa. Mchele, unga, sukari au tende zikiguswa na maji taka, haziuzwi tena. Kuanika mchele juani hakuondoi viini vilivyoingia ndani ya gunia, na nafaka iliyolowa huweza kuota kuvu yenye sumu ya aflatoksini, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Mikebe isiyobonyea wala kutu huoshwa kwa sabuni, ikatiwa dawa, ikaandikwa upya. Chupa za soda na maji zenye vifuniko vya kuzungusha zitupwe, kwa kuwa uchafu hujificha chini ya kifuniko. Mkahawa ufungwe mpaka afisa wa afya aukague. Hasara ya wiki moja ni ndogo kuliko ya kusikika mji mzima kwamba wageni wako waliharisha.

Wanaoingia shimoni

Lori la kunyonya maji taka haliwezi kupita katika vichochoro vya mji wa kale. Kazi ya kuzibua na kutapisha mashimo hufanywa na watu kwa mikono yao. Jijini Dar es Salaam watu wa kazi hii huitwa vyura. Twawacheka, lakini bila wao miji yetu isingekalika.

Msomaji, usimruhusu mtu yeyote ashuke shimoni. Ndani mna gesi yenye harufu ya yai viza. Ikiwa nyingi, huua uwezo wa pua kunusa, hivyo mtu hudhani imekwisha, na baada ya pumzi chache huanguka. Mara nyingi anayefuata kufa ni ndugu aliyeshuka kumwokoa. Uchafu utolewe kwa kusimama juu. Ziko pampu za mkono, kama ile iitwayo Gulper ambayo ilijaribiwa Dar es Salaam, zinazonyonya uchafu mzito bila mtu kuingia, nazo hupita mahali ambapo lori halipiti.

Kabla ya kuwapa watu kazi ya kusafisha nyumba au duka lako, waulize maswali manne: Mna viatu na glavu? Uchafu mtaupeleka wapi? Maji ya kuoshea yatatoka wapi? Mtatia dawa kabla au baada ya kuosha? Anayeshindwa kujibu hayo ni mfagiaji, hata akidai malipo ya fundi.

Kisima na mbu

Kisima kilichofurikiwa kitolewe maji yote, kisuguliwe, kitiwe klorini kwa kipimo cha afisa wa afya, na kisitumike mpaka maji yapimwe. Kwa sasa, maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote.

Mashimo yaliyo wazi huzaa mbu wanaoeneza matende, ugonjwa unaojulikana vyema katika pwani yetu. Maji safi nayo yana mbu wake. Mwaka 2004, wakati wa ukame, ugonjwa wa chikungunya ulizuka Lamu. Watafiti walipopima damu za wakazi wa kisiwa, walikuta dalili za maambukizi kwa asilimia 75, sawa na watu wapatao 13,500 kati ya 18,000. Mbu wake walizaana katika maji yaliyowekwa akiba majumbani. Kwa hivyo mapipa utakayojaza kwa kazi ya usafi yafunikwe. Wazee wetu waliweka visamaki katika birika vile viluwiluwi vya mbu viliwe; walijua walichokuwa wakifanya.

Ukiharisha

Mpe mgonjwa maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote visizidi ukingo. Anywe kidogo kidogo, mara kwa mara, na mtoto aendelee kunyonya. Akiharisha kama maji ya mchele, akitoa damu, akishindwa kunywa au akilegea, usingoje asubuhi. Katika visiwa vyetu safari ya hospitali huenda ikawa ya mashua, na bahari haikungoji.

Mjukuu wa yule bibi alipona baada ya siku nne. Nilipokwenda kumtazama nyumbani, nilikuta kisima kimefunikwa kwa bamba la mbao na kamba imefungwa fundo tatu. "Sitakifungua mpaka mwenyewe uniambie," bibi akasema. Nilimwambia si mimi wa kumwambia, bali maji yenyewe, yakishapimwa.