Chakula Wakati wa Karantini: Mfano wa Kerala

Mgonjwa wa kwanza wa Korona katika Bara Hindi alitambulikana katika Jimbo la Kerala tarehe 30 Januari, 2020. Mwezi wa Machi Serikali ya Jimbo hilo, chini ya Waziri Mkuu wake, Bwana Pinarayi Vijayan, ilitangaza msaada wa rupia bilioni 200. Mabaraza ya vijiji na vyama vya wanawake vya Kudumbashree yalifungua majiko ya kuwapikia waliotengwa majumbani na vibarua wageni waliokosa kazi. Tena jamaa zenye kadi za posho zilipewa chakula bure. Sababu yake ni hii: mwenye njaa hatulii nyumbani, ajapoamriwa. Mwaka 2021 ugonjwa ulizidi sana, na ugawaji wa chakula uliendelea.