Rambo Imechanika

"Rambo imechanika, nipe nyingine." Kwa miaka mingi Kariakoo ungeweza kusema hivyo mbele ya muuza viazi na asikuulize Rambo gani. Alijua unataka mfuko wa plastiki. Huenda hata ile sinema alikuwa hajaiona.

Jina lenyewe limezunguka sana kabla ya kufika sokoni. Katika karne ya 17 Peter Gunnarsson Rambo, mhamiaji kutoka Uswidi, alilowea kwenye koloni la nchi yake huko Amerika Kaskazini, na jina la ukoo wake likabaki kwenye aina ya tufaha. Mwandishi David Morrell alikuwa akihangaika kumtafutia jina mhusika wa riwaya yake *First Blood*, iliyotoka mwaka 1972, mkewe akarudi nyumbani na matufaha hayo. Sylvester Stallone akamwigiza mhusika huyo mwaka 1982, tena mwaka 1985, kisha kanda za video zikamfikisha kwenye vibanda umiza vya uswahilini. Mtu, tunda, askari, mfuko.

Kwa nini basi tusibebe nyanya kwenye stalone? Jibu moja limo kinywani. Silabi ya Kiswahili hupenda kuishia na irabu, na *mb* ni mwanzo wa kawaida kabisa wa silabi, kama katika *mboga* na *jambo*. Ra-mbo lilifika likiwa limeiva. Bajaj, jina la ukoo wa wafanyabiashara wa India, lilihitaji *i* moja tu mwishoni ili liwe bajaji zinazogombea abiria mjini. Schwarzenegger angehitaji fundi seremala.

Jibu la pili, ambalo kwangu ndilo tamu zaidi, limo kwenye sarufi. Mwanzoni ni *mfuko wa rambo umechanika*: mfuko ndio bwana wa sentensi, rambo ni pambo. Kitu kikitajwa mara mia kwa siku, wasemaji huanza kubana matumizi. Neno *mfuko* likaanguka, likaondoka na *u-* yake, na rambo ikabaki na *i-*: rambo imechanika, rambo mbili, rambo nyeusi. Rambo wa sinema yuko ngeli ya a-wa, *amepigana*. Rambo ya sokoni iko i-zi. Ukitaka kujua kama jina la mtu limegeuka neno la kawaida, usipime umaarufu wake. Sikiliza upatanisho wa kisarufi.

Haikuwa mara ya kwanza Dar es Salaam kufanya hivi. Katikati ya jiji, maeneo tunayoyaita Posta kwa ujumla, palikuwa na majumba ya sinema kama Empire, Avalon na Empress, na filamu za ng'ombe na bastola kutoka Italia zilipendwa mno. Mojawapo, ya mwaka 1966, ilikuwa na mhusika aitwaye Pecos, aliyeigizwa na Robert Woods. Vijana wakachukua jina hilo wakaivisha suruali pana chini: pekosi. Wakubwa hawakupendezwa na mitindo ya vijana wakati huo. Umoja wa Vijana wa TANU ulianzisha Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku sketi fupi na suruali za kubana kuanzia Januari 1969. Marufuku hupita, jina la suruali likabaki kwa wazee wa leo.

Charlie Chaplin yeye alitupa *chale*, mtu wa vichekesho. Angalia kilichochukuliwa: jina la kwanza, si la ukoo. Chaplin lina *pl* katikati na *n* iliyoning'inia mwishoni. Charlie likakaa kwenye silabi mbili safi. Naye, tofauti na rambo, alibaki ngeli ya watu, ndiyo maana chale anayechekesha hagongani na chale inayochanjwa mwilini.

Tukirudi kwa rambo, mfuko wenyewe ulipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Zanzibar ilitangulia kwa zaidi ya miaka kumi.

Sauti nzuri peke yake haitoshi, lakini. Mwigizaji Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, alikuwa na umaarufu wa kutosha, na Ka-nu-mba ni silabi za nyumbani. Hata hivyo hakuna kitu kiitwacho kanumba. Nadhani ni kwa sababu aliigiza watu wengi mno: mpenzi, mume, baba, mtoto wa tajiri. Chaplin alikuwa na kofia ileile na fimbo ileile, Rambo misuli ileile. Neno hutaka sura moja ya kushika.

Na King Majuto, Amri Athumani, aliyetuchekesha hadi kifo chake Agosti 2018? Sura moja alikuwa nayo, sauti pia. Ila *majuto* tayari lina mwenyewe, tena lina *ma-* ya wingi mbele. Mchekeshaji mmoja angeitwaje: majuto mmoja, au juto?