Profesa Aliyekubali Kubebwa

Wanangu, leo tunakwenda mbali, hadi West Newton, kitongoji kilicho jirani na jiji la Boston huko Marekani. Mwaka 1995, ndani ya nyumba moja ya kitongoji kile, mzee mmoja mfupi wa umbo alikuwa akifa polepole huku akifundisha. Jina lake Morrie Schwartz. Kwa miaka mingi alikuwa profesa wa sosholojia, elimu ya namna watu wanavyoishi pamoja, katika Chuo Kikuu cha Brandeis.

Mzee huyu alipenda dansi kupita kiasi. Jumatano usiku alikwenda kwenye kanisa moja pale Harvard Square, mahali vijana walipojimwaga kwa muziki, naye akajitosa katikati yao, taulo shingoni, jasho likimtiririka. Wengi hawakujua kabisa kwamba babu yule ni msomi mkubwa.

Ugonjwa wake ulianzia miguuni. Agosti 1994 madaktari walimwambia kwamba ana ALS. Katika maradhi haya, mishipa ya fahamu inayoipa misuli amri hufa kidogo kidogo. Misuli isiyopata amri hunywea. Mguu unagoma, kisha mkono, kisha koo linaloshindwa kumeza, na mwishowe kifua kinachoshindwa kuvuta pumzi. Akili yake ilibaki nzima, akiona na kukumbuka kila kitu. Hadi leo haijapatikana dawa ya kuuponya ugonjwa huu.

Kabla hajalala kitandani moja kwa moja, alikwenda kumzika mwalimu mwenzake. Akasikia watu wakimsifu marehemu kwa maneno matamu, na akarudi nyumbani na uchungu: maneno yote yale, na mwenyewe hayupo kuyasikia. Basi akawaita ndugu na marafiki wamfanyie yeye maziko angali hai. Wakaja Jumapili moja ya baridi. Wengine walilia, wengine walicheka, na mzee akalia na kucheka pamoja nao. Najua kwetu jambo hili lingeitwa uchuro. Lakini fikirieni ni watu wangapi tuliowazika tukiwa bado na neno moja zuri ambalo hatukuwaambia.

Sasa aingie kijana wetu. Mitch Albom alikuwa mwanafunzi wa Morrie pale Brandeis, akimwita Kocha. Siku ya mahafali mwaka 1979 alimpa mwalimu wake zawadi ya mkoba wenye herufi za jina lake, akaahidi kwamba hawatapoteana. Wakapoteana miaka 16. Mitch alikuwa ametamani kuwa mpiga piano. Mambo hayakuwa. Kisha mjomba wake aliyempenda sana akafa kwa saratani ya kongosho akiwa na miaka 44 tu. Kifo kile kilimtia kiwewe. Akaanza kufanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Akawa mwandishi wa michezo wa gazeti la Detroit Free Press, mwenye jina na fedha, na simu isiyotulia. Barua za zamani zilikaa bila kujibiwa.

Machi 1995, usiku, alikuwa akibadilisha vituo vya televisheni aliposikia jina la Morrie kwenye kipindi cha Nightline. Mtangazaji Ted Koppel alikuwa amekwenda nyumbani kwa mzee kumhoji. Mitch akapanda ndege. Baadaye, wafanyakazi wa magazeti ya Detroit walipogoma mwezi Julai mwaka ule na kazi kusimama, alipata nafasi ya kwenda zaidi, na siku yao ikawa Jumanne.

Walizungumza mengi: fedha, ndoa, uzee, kusamehe. Hayo mengi mmeshayasikia kwa babu na bibi zenu, nami nitayapita. Kuna moja ambalo siwezi kulipita.

Koppel alimuuliza Morrie ni kitu gani anakiogopa kuliko vyote. Mzee hakutaja kifo. Alisema kwamba siku si nyingi atahitaji mtu wa kumtawaza. Alilisema mbele ya kamera, nchi nzima ikimwangalia. Hebu jiwekeni mahali pake: mtu mzima, profesa, amelea watoto wake wawili, na sasa anahudumiwa kama mtoto mchanga. Siku ile ikafika kweli. Mwanzoni aliona aibu, kisha akaamua kuishinda. Alimwambia Mitch kwamba sasa anafurahia kugeuzwa, kuoshwa, kupakwa mafuta na kukandwa miguu, kwa sababu kila mwanadamu anakumbuka ndani yake raha ya kubebwa, na wengi wetu hatukubebwa vya kutosha.

Ili mjue neno hilo lilitoka wapi, turudi alipokuwa na umri wa miaka minane. Baba yake, Charlie, alikuwa mhamiaji kutoka Urusi, kibarua wa manyoya asiyejua kusoma Kiingereza. Mama alikuwa mgonjwa hospitalini. Siku moja telegramu ikaletwa nyumbani. Aliyeweza kuisoma ni mtoto. Kwa hiyo mtoto ndiye aliyeishika karatasi, akamsomea baba yake kwamba mama amefariki. Baba hakuwa mtu wa kukumbatia wala kubusu, hata baada ya msiba ule. Haukupita muda mrefu, mdogo wake Morrie, David, akapata polio. Morrie aliihifadhi telegramu hiyo hadi uzeeni.

Halafu akaja Eva, mama wa kambo. Nyinyi mmezoea hadithi ambazo mama wa kambo ni mkatili. Wa Morrie alikuwa tofauti. Alikuwa mhamiaji kutoka Romania, fukara kama wao, naye kila usiku aliwabusu watoto kabla ya kulala na kuwahimiza wasome. Morrie alikuwa akilisubiri busu lile kutwa. Mtu aliyeonja njaa ya namna hiyo utotoni, akija kushikwa mkono kitandani akiwa na miaka 78, haoni kwamba ameshushwa hadhi. Hivyo ndivyo ninavyomwelewa mimi, na ndiyo sababu namheshimu. Kutoa tunafundishwa tangu tukiwa wadogo. Kupokea ni kugumu zaidi, hasa kwa mtu aliyezoea kuwa yeye ndiye anayesaidia.

Mitch naye alijifunza kidogo kidogo. Kila safari alifika na mifuko ya vyakula ambavyo mzee alivipenda. Siku moja akafungua jokofu akakuta vyakula vyake vya wiki zilizopita vimerundikana humo. Mke wa Morrie, Charlotte, akamweleza kwamba mzee hawezi tena kuvila. Mzee hakuwa amemwambia Mitch kwa sababu hakutaka kumvunja moyo. Basi Mitch akaanza kutoa kile kilichohitajika. Akajifunza kumkanda miguu. Mtaalamu wa tiba ya viungo akamwonyesha namna ya kumpiga mgongoni ili makohozi yaachie mapafu. Mitch akapiga huku akimtania kwamba analipiza kisasi cha alama B aliyowahi kumpa chuoni.

Morrie alifariki Jumamosi, tarehe 4 Novemba 1995. Kitabu cha mazungumzo yao kilitoka mwaka 1997. Mitch alikuwa amekiandika ili malipo yake yasaidie kulipa gharama za matibabu ya mzee, na wachapishaji kadhaa walikikataa. Kikaja kuuzwa kwa mamilioni.

Lakini nataka mjue kuhusu karatasi nyingine, mbali na ile telegramu. Mitch alikuwa na mdogo wake aliyeishi Hispania, naye akiugua saratani ya kongosho, ile ile iliyomuua mjomba wao. Kijana huyo hakutaka kuonwa wala kusaidiwa na mtu wa nyumbani kwao. Kila Mitch alipompigia simu aliambiwa asiulize habari za ugonjwa. Mitch alimweleza Morrie uchungu huo katika Jumanne zile. Baada ya maziko ya mzee alimpata ndugu yake, wakazungumza kirefu, akamwambia kwamba aliikubali mipaka yake, alichotaka ni wawe karibu kwa kiasi chochote ambacho mwenyewe angekiruhusu. Siku chache baadaye faksi ikaja kutoka Hispania, ndugu yake akihadithia mambo ya siku zake na kuchomekea mizaha.