Pijo ya Baba na Premio ya Mwana

Msomaji mmoja wa Awendo, katika Kaunti ya Migori, ameniuliza swali ambalo nadhani limekwisha kuulizwa katika kila gereji iliyoko baina ya Isebania na Oyugis: kwa nini Peugeot 504, au Pijo kama tuiitavyo, ya marehemu baba yake ilikuwa ikipita njia ya vumbi ya kutoka Mbita kwenda Karungu pasipo abiria kunung'unika, ilhali Toyota Premio aliyoinunua yeye kwa fedha nyingi, yenye kiyoyozi na redio ya kisasa, humgonga mgongo katika kila shimo? Jibu lililo vinywani mwa watu ni kwamba vyombo vya zamani vilikuwa vigumu na vya sasa ni vya karatasi. Jibu hilo linapendeza kulisema, lakini si kweli, kwa maana sifa kubwa ya Pijo haikuwa ugumu wake bali ulaini wake.

Nasaba yake nitaipitia mbio mbio. Kabla yake zilitangulia 403 ya mwaka 1955 na 404 ya mwaka 1960, na 504 yenyewe, ikiwa imechorwa kwa mkono wa Pininfarina wa Italia, ilitoka mwaka 1968, mwaka wa migomo mikubwa ya Ufaransa, ikatunukiwa heshima ya gari bora la Ulaya kwa mwaka 1969. Na baada yake ikafuata 505, mwaka 1979. Katika mashindano ya magari ya Safari, 404 ilishinda mwaka 1963, kisha miaka mitatu mfululizo kuanzia 1966, na jamaa ya 504 ikatwaa taji mwaka 1975 na mwaka 1978. Pijo ziliunganishwa pia papa hapa Kenya, katika kiwanda cha Mombasa, na ile ndefu ya safu tatu za viti ndiyo iliyobeba abiria wa Nyanza kwa miaka mingi, hata kazi hiyo, baina ya Rongo na Homa Bay, ikashikwa na Toyota Probox. Wapendao habari za injini wataniwia radhi, kwani injini yake ilikuwa ya kawaida tu, wala si hiyo iliyowapa watu raha.

Raha ilitoka chini. Tairi linapopanda jiwe, springi hubanwa, na katika kubanwa kwake huiweka akiba nguvu yote ya pigo lile. Lakini springi ni mwaminifu kupita kiasi, na amana aliyowekewa huirudisha karibu yote, bila kuuliza kama mwenyewe aihitaji. Kwa hiyo gari lisilo na kitu kingine ila springi lingepanda na kushuka, likapanda tena na kushuka tena, hata shimo lililolianzishia ngoma hiyo liwe limeachwa nyuma sana. Ndipo kinapoingia kile chombo ambacho mafundi wetu hukiita shokabu, silinda nyembamba iliyojaa mafuta, na ndani yake pistoni yenye matundu madogo sana. Gari linapoyumba, pistoni huyalazimisha mafuta yapenye katika matundu yale, nayo hupenya kwa shida na msuguano, na nguvu ambayo springi ilikuwa tayari kuirudisha mgongoni mwa abiria hugeuka kuwa joto. Gusa, kwa tahadhari, shokabu ya gari lililowasili Mbita sasa hivi kwa njia mbovu, nawe utaikuta ina moto: hayo ndiyo mashimo ya Karungu, yamekwisha kugeuzwa joto, na upepo wa ziwa unayapeperusha.

Uzuri hauishii hapo. Mafuta yana tabia ya kumpisha amsukumaye polepole na kumkaidi amsukumaye kwa haraka, hivyo chombo hiki hiki kimoja, kisicho na akili wala macho, huliachia gari lijilaze taratibu katika kona, na papo hapo hulikatalia kuruka linapokutana na tuta. Tena vali zake aghalabu hupangwa kwa hila: tairi linapopanda, mafuta hufunguliwa mlango mpana kiasi, ili pigo lipokelewe kwa upole; linaposhuka, mlango hufanywa mwembamba, ili springi isirushe gari juu. Peugeot ilikuwa miongoni mwa makampuni machache yaliyojitengenezea vyombo hivi katika viwanda vyao wenyewe badala ya kuvinunua kwa wengine, na naamini hapo ndipo ilipowashinda wenzake.

Nimeona watu wakikiita chombo hiki kifyonza-mshtuko, nami sikubali, kwa sababu hakifyonzi mshtuko wowote. Afyonzaye ni springi, na hiki kazi yake ni kumtuliza baada ya kufyonza. Basi katika makala haya kitakuwa kitulizo, na mwenye neno bora na alilete.

Chukua mfano: nani asiyemjua mama apandaye kutoka ufukoni Homa Bay na ndoo ya maji kichwani? Njia ina mawe, mguu wake mmoja unashuka na mwingine unapanda, na maji hayamwagiki. Magoti yake yanayokunjika ndiyo springi. Misuli ya mapaja, izuiayo magoti yasikunjuke ghafla, ndiyo kitulizo. Kata aliyoiweka kichwani ndiyo kiti cha gari, ambacho Wafaransa walikifanya kinene na laini. Na maji ndiyo abiria. Mama huyo akiogopa mawe akakaza magoti, kila jiwe litafika kwenye ndoo. Akilegea mno, atayumba, na maji yatamwagika vile vile. Sasa mvishe viatu vizito vya mpira vilivyojaa tope: magoti ni yale yale na misuli ni ile ile, lakini kila hatua yampasa kuinua na kusimamisha mzigo ulio chini ya magoti, na mtikisiko utapanda mpaka kwenye maji, kwani uzito ulio chini ya springi haubebwi na springi, bali huipiga.

Viatu hivyo vizito katika gari ni ekseli nzima, ile boriti ya chuma iunganishayo magurudumu mawili ya nyuma na kubeba katikati yake difu, yaani gia igawanyayo nguvu kwa magurudumu hayo. Wahandisi wa 504 ya saluni walimvua mama viatu: difu wakalifunga kwenye bodi, juu ya springi, na kila gurudumu la nyuma wakalipa mkono wake wa mshazari, lipande na kushuka kivyake bila kumsumbua mwenziwe. Wakaongeza springi ndefu, zenye nafasi kubwa ya kubanwa kabla ya chuma kugonga chuma, na hili la nafasi ndilo jambo kuu katika jibu langu. Ile ndefu ya abiria, kwa kuwa ilibeba mizigo ya watu wa masoko, ilibaki na ekseli nzima, lakini ikapewa springi nne nyuma badala ya mbili. Na mwaka 1973 ikatoka saluni ya bei nafuu, 504 L, yenye ekseli nzima nayo, iliyo nyepesi kwa fundi na ngumu kuharibika. Si kila Pijo, basi, ilikuwa na ufundi ule wa mikono ya mshazari.

Amma Premio, asili yake ni Corona ya mwaka 1957. Jina lake lilitiwa juu ya Corona mwaka 1996, likasimama peke yake mwaka 2001, na gari likakoma kutengenezwa mwaka 2021. Corona ilikuwa imekwisha kuhamia kwenye kuvutwa na magurudumu ya mbele katika miaka ya 1980, propela ipelekayo nguvu nyuma ikaondoka chini ya sakafu, familia ikapata nafasi ya miguu, na matumizi ya petroli yakapungua. Nyuma, Premio ina boriti ya chuma inayokubali kusokotwa kidogo, nyepesi na ya bei rahisi, na springi zake zimekadiriwa kwa lami ya Japani. Juu ya lami ya kutoka Kisii hadi Migori gari hili halina kosa, na mtu atakayeniambia nirudishe 504 kwa safari hiyo nitamwona anapenda hadithi kuliko petroli.

Taabu huanza lami inapokwisha, kwa maana nafasi ya springi zake kubanwa ni ndogo, na huzidishwa na ile dawa ipendwayo ya kuinua gari kwa vipande viitwavyo spesa. Vipande hivyo huongeza kimo cha bodi, jambo lifaalo penye mawe, lakini haviiongezei springi hata inchi moja ya kubanwa, na aliyeviweka kwa kutafuta ulaini amenunua kisichouzwa.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Awendo, kabla ya kulitukana gari lako, kandamiza kona yake moja kwa nguvu, kisha uachie. Likipanda, likashuka na kutulia, vitulizo ni vizima; likiendelea kuyumba, vimekwisha, na uvibadilishe viwili viwili, cha kushoto na cha kulia, wala usikubali fundi akuwekee kimoja.