Umkamate Nani?

Sheria ya Utulivu wa Umma nchini Kenya inamtaka anayeandaa maandamano awaarifu polisi kati ya siku 3 na 14 kabla, aandike jina lake kamili na anwani ya anakopatikana. Walioitunga hawakuwa na shaka kwamba kila maandamano yana mwenyewe.

Mwaka 1990 kweli yalikuwa na wenyewe. Kenneth Matiba na Charles Rubia waliitisha mkutano wa kudai vyama vingi uwanja wa Kamukunji, Nairobi, tarehe 7 Julai, serikali ikawatia kizuizini siku 3 kabla. Umma ulimiminika vivyo hivyo. Ila majina yalishajulikana, na vyama vingi viliporuhusiwa, Matiba alikuwa kwenye karatasi ya kura ya 1992.

Juni 2024 hapakuwa na jina la kuandika. Mswada wa Fedha ulipendekeza, pamoja na mengine, kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 kwenye mkate. Vijana waliuchambua kifungu kwa kifungu kwenye TikTok, wengine kwa lugha za mama zao. Nambari za simu za wabunge zikasambazwa, wapigiwe na kuandikiwa usiku na mchana. Hilo likaitwa "kuwasalimia", na waheshimiwa walisalimiwa wakasalimika! Tarehe 25 wabunge 195 waliupitisha, 106 wakaupinga, waandamanaji wakaingia Bungeni na polisi wakaua watu kwa risasi. Kesho yake Rais William Ruto alikataa kuutia sahihi.

Kuangusha mswada ndani ya siku 8 tangu maandamano ya kwanza makubwa si jambo dogo. Lakini Zeynep Tufekci, mwanasosholojia kutoka Uturuki, alishaandika mwaka 2017 kwamba wepesi huu una gharama. Maandamano ya Washington ya 1963, ya kudai haki za Wamarekani weusi, yalichukua miezi kuandaliwa: mabasi, chakula, hata vipaza sauti. Katika kazi hiyo ya kuchosha watu walijifunza kubishana, kukubaliana na kuamua pamoja. Simu inakusanya umati kabla somo hilo halijafundishwa.

Nakubaliana naye, kwa sababu Julai ilituonyesha. Ruto alivunja karibu baraza lote la mawaziri na kutangaza jukwaa la mazungumzo. Vijana wengi walikataa: hatuna kiongozi, hakuna wa kutusemea. Msimamo huo uliwakinga na hongo, na ndio uliowaacha nje wakati viti vinagawanywa. Kabla mwezi haujaisha, wanasiasa wa chama cha upinzani cha ODM walikuwa wameteuliwa kuwa mawaziri, John Mbadi akipewa Hazina.

Dola nayo ilijifunza. Ilipokosa kinara wa kuzuiliwa, wenye sauti mitandaoni walianza kutoweka mmoja mmoja. Hadi mwisho wa 2024 tume ya kitaifa ya haki za binadamu ilikuwa imehesabu visa 82 vya utekaji, na polisi walikana kuhusika. Desemba hiyohiyo, baadhi ya kodi zilizokataliwa Juni zilirudi kupitia sheria nyingine ya marekebisho ya kodi. Safari hii Bunge halikuvamiwa.