Gari la mbio likiwa ndilo gari la nyumbani

Siku gari lilipotoka bandarini, watoto walilipenda kabla yangu. Lilikuwa jeupe, weupe unaoelekea rangi ya maziwa, na bawa kubwa nyuma na nembo nyekundu mbele. Binti yangu wa miaka 8 aliuliza kama linaruka. Mdogo wake wa miaka 3 aliingia na viatu, akakaa kiti cha nyuma na kukataa kushuka mpaka alipoitwa kula. Mimi nililizunguka mara moja, nikafungua mlango wa nyuma, nikahesabu mikanda. Ilikuwa miwili.

"Baba, hapa katikati anakaa nani?" nikamuuliza mume wangu.

"Hakai mtu. Hili ni gari la watu wanne. Kwani sisi tuko wangapi?"

Tulikuwa wanne. Mjadala ukaishia hapo, kwa siku ile.

Gari lenyewe ni Honda Civic Type R, lile ambalo wapenzi wake wanaliita FD2. Liliuzwa Japan kuanzia 2007 hadi 2010, lakini kwa kuwa Wajapani wanaendesha kushoto kama sisi na usukani wao uko kulia, magari ya namna hii yanafika kwetu bila shida. Wengine mitaani wana Subaru WRX STI, wengine Lancer Evolution. Ukisikia muungurumo saa nne usiku na mbwa wa mtaa mzima wakaitikia, ujue ni mmojawapo.

Mume wangu alikuwa na hoja nzuri, na mpaka leo siwezi kumkatalia: lina milango minne na buti la kutosha mabegi. Civic ya kawaida ya umbo hilohilo ni gari la familia kabisa. Tofauti iko chini ya bati. Herufi R ni ya mashindano ya mbio, na hata ile rangi nyeupe ina historia yake: inakumbusha gari la Honda lililoshinda mbio za Formula One kule Mexico mwaka 1965. Injini ni ya lita 2, haina turbo, na inatoa nguvu farasi 225. Ila nguvu hizo zote unazipata injini ikifika mizunguko 8,000 kwa dakika. Sasa niambie, mzazi mwenzangu, ni wapi kati ya Kimara na Ubungo saa moja asubuhi utafika mizunguko 8,000? Pale unachofika ni kukanyaga klachi mpaka goti linauma.

Kabla ya kusimulia safari, niwaeleze jambo moja ambalo laiti ningelijua mapema. Soma maandishi ubavuni mwa tairi. Letu limeandikwa 225/40 R18. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ile ya katikati ndiyo ya kuangalia: inasema urefu wa ubavu ni asilimia 40 ya upana, yaani milimita 90. Sentimita 9. Gari letu la zamani lilivaa 195/65 R15, na ukipiga hesabu ubavu wake unakaribia sentimita 13. Hizo sentimita 4 zilizopungua ndizo zilikuwa mto wetu wa hewa, ndizo zilizokuwa zikimeza mashimo.

Juu ya tairi kuna springi na shokapu, nazo ni ngumu kwa makusudi. Kwenye uwanja wa mbio, lami ni laini kama meza, na kinachotakiwa ni gari lisilale upande likikata kona kwa kasi. Kwa hiyo springi zinakazwa. Gari hilohilo likipita kwenye rasta za barabarani kwetu, kila msitari unaufahamu kwa mgongo. Mtu mzima anakaza miguu sakafuni, anajizuia. Mtoto wa miaka 3 miguu yake inaning'inia hewani. Hana cha kukazia. Anatingishika tu.

Wiki za mwanzo tulizoea. Tulijifunza kupita tuta kwa mshazari, gurudumu moja baada ya jingine, ili bampa lisikwangue. Binti yangu akawa anatangaza kama kondakta: "Tuta! Tuta jingine! Rasta!" Tulibadili njia ya kwenda shule kwa sababu ya tuta moja tu, ambalo aliyelijenga nadhani alikuwa na ugomvi na watu wenye magari ya chini. Hayo yote yalivumilika. Shule ni dakika 20.

Lushoto si dakika 20.

Tuliondoka alfajiri kwenda kumsalimia mama mkwe. Mdogo alikuwa kwenye kiti chake cha mtoto, dada yake amekalia kiti cha kumwinua ili mkanda upite begani na si shingoni. Mpaka Chalinze watoto walikuwa wamelala. Baada ya hapo jua likapanda na kelele zikaanza kutuchosha. Gari hili lina gia sita, lakini zimepangwa karibukaribu kwa ajili ya mbio, kwa hiyo hata kwenye gia ya sita, kwa kilomita 100 kwa saa, injini inazunguka zaidi ya mara 3,000 kwa dakika. Ongeza mngurumo wa matairi mapana. Ili kuzungumza na watoto nyuma ilibidi nipaze sauti, na baada ya saa mbili hakuna aliyekuwa na hamu ya kuzungumza.

Mume wangu, kwa upande wake, alikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu harusi. Tulipovuka daraja la Wami barabara ikafunguka, nikaangalia mshale, 130. Sikupiga kelele. Nilisema tu, "Rudi." Akarudi. Vijijini kikomo ni 50 na wenye tochi wanajua kujificha, lakini si tochi niliyokuwa naihofia.

Mbele ya Mkata mbuzi wawili walikatiza. Nikiri: breki za gari lile sijaona mfano wake. Lilisimama palepale, limenyooka, kana kwamba limeshikwa mkono. Nikageuka kuangalia watoto, na kupitia kioo cha nyuma nikaona sura ya lori. Dereva wake alikuwa ameingia pembeni kwenye vumbi ili asitugonge. Breki zetu zilikuwa za mbio, zake zilikuwa za lori lenye mzigo. Mume wangu hakusema neno mpaka Segera.

Segera tulishuka kununua machungwa. Mdogo alikuwa ametapika. Dada yake aliniambia kichwa kinamgonga. Nikamwambia baba yao kwa upole, jinsi tunavyosema mbele ya watoto: "Lete ufunguo. Wewe kaa nyuma na binti yako. Mdogo nitamweka hapohapo kwenye kiti chake." Binti akasogea? Hapana, hapakuwa na pa kusogea. Mikanda ni miwili. Basi tukakubaliana hivi: binti abaki na dada yangu, aliyekuwa akitufuata nyuma na gari lake la kawaida akienda Korogwe na kisha Lushoto. Baba akakaa nyuma, magoti karibu na kidevu, kando ya mwanawe.

Sasa sehemu hii nimeifikiria sana kama niiandike. Nililipenda. Kutoka Mombo kupanda Lushoto ni kilomita zaidi ya 30 za kona, mlima upande mmoja na bonde upande mwingine, na gari lile kwenye kona si gari, ni kama linasoma mawazo yako. Usukani unakuambia kila kokoto. Gia inaingia kwa msogeo mfupi tu wa kiganja. Sikwenda kasi, barabara ni nyembamba na mabasi yanashuka yakiwa yameijaza yote, lakini hata kwa kilomita 40 kwa saa nilitabasamu peke yangu. Nikaelewa kwa nini mwanaume mwenye akili zake anaweza kutoa akiba ya miaka mitatu. Bei siitaji, ndoa ina siri zake.

Kabla ya maporomoko ya Soni nikasikia sauti ya chini kutoka nyuma: "Mama, simama kidogo."

Nikasimama. Baba watoto akashuka, akashika ukuta wa barabara, akatapika machungwa yote ya Segera. Mwanawe alikuwa anamwangalia kupitia dirishani kwa huruma ya mtu anayejua.

Jioni ile kwa mama mkwe hatukubishana. Kila mtu alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwenzake.

Kurudi ndiko kulikotukamilisha. Hatukuwa mbali na Chalinze, jua linaelekea kuzama, tukaingia kwenye shimo ambalo gari letu la zamani lingelipita likiguna tu. Rimu ikapinda, ubavu wa tairi ukachanika. Gari letu lilikuja bila tairi la akiba. Kwenye buti palikuwa na chupa ya gundi na pampu ndogo. Gundi ile inaziba tundu la msumari. Ubavu uliochanika haizibi. Fundi wa pancha wa pale, kijana mstaarabu sana, alitazama namba ya tairi akacheka bila kutaka: saizi ile hakuwa nayo, wala jirani yake, wala yeyote aliyempigia. Tairi na rimu vilikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, saa nne baadaye. Watoto walilala kwenye kanga kwenye benchi la mama ntilie, na mimi nilikaa nikiwafukuzia mbu kwa kipande cha boksi. Yule mama alikataa hela ya benchi. Nilimlipa ya chai mara mbili.

Miezi mitatu baadaye nikagundua tutakuwa watano.

Hapo ndipo lile swali la siku ya kwanza lilipojibiwa. Watoto watatu wanahitaji mikanda mitatu nyuma, na gari lina miwili. Kuna watu walitushauri mkubwa akae mbele, ama mchanga apakatwe. Kupakata mtoto garini si kumshika. Gari likigonga hata kwa mwendo wa mjini, hakuna mikono ya mama inayoweza kumzuia. Na kiti cha kichanga, kile kinachotazama nyuma, hakiwekwi kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwa sababu mfuko ukifumuka unapiga mgongo wa kiti kile chenye kichwa cha mtoto. Tulizunguka hesabu hii wiki nzima, ikawa inatoa jibu lilelile.

Hatujaliuza. Najua mlitarajia niseme tumeliuza. Mume wangu analitumia kwenda kazini, na asubuhi anawapeleka wakubwa wawili shule. Matairi ameyabadilisha, yale ya mwanzo yalikuwa ya uwanjani hasa, mifereji yake haina kina, na mvua za masika zilitufundisha kwamba tairi pana lisilo na pa kupitishia maji linaelea juu ya dimbwi. Kama unanunua gari la aina hii lililotumika, usiangalie mifereji tu. Ubavuni, mwishoni mwa herufi DOT, kuna namba nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. Letu moja lilisomeka 3111. Wiki ya 31, mwaka 2011. Linang'aa, na ni kuukuu.

Safari ndefu tunakwenda na basi, au tunaazima Noah ya shemeji na kumrudishia na tangi limejaa. Desemba tulipanda basi kwenda Lushoto, na baba watoto alilala kuanzia Kibaha mpaka Mombo, mdomo wazi. Mazungumzo ya gari la viti saba yanaendelea. Yeye anataka la gia za mkono.

Nimesahau kusema jinsi mtoto wa tatu alivyofika nyumbani. Noah siku hiyo ilikuwa gereji. Wakubwa tuliwaacha kwa bibi yao mwingine, kiti cha kichanga tukakifunga nyuma, mimi nikakaa kando yake nimeshika ukingo wake. Baba aliendesha kwa kilomita 20 kwa saa, taa za hatari zinawaka, kila shimo analipita kama anavuka mto. Bodaboda walitupita kulia na kushoto. Dereva mmoja wa bajaji akapunguza mwendo, akalitazama bawa la nyuma, akainama dirishani akauliza kama gari limeharibika.

"Hapana, kaka," mume wangu akamjibu. "Tuna mtoto."